Betri za Mkono wa Pamba

Wifi yangu ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini ukija mtaani kwetu ukaliuliza utaelekezwa kwa mtu mwingine kabisa. Uliza Mkono wa Pamba. Hapo hata mwenye haraka zake atasimama akuelekeze: pita duka la vioo, kata kona penye mlango wa bluu, na kabla hujaiona saluni utasikia mashine ya kukaushia nywele ikinguruma. Sisi wa ndani tumelikata jina, tunamwita Pamba, na mwenyewe anaitika.

Jina hakujipa. Alipewa na akina mama waliokuwa wakimletea watoto. Mtoto anayesukwa unamjua: analia utadhani anachinjwa, mama yake kamshika mabega, msusi anamgonga utosini kwa mgongo wa kichana na kumwambia atulie. Kwa Pamba watoto walikuwa wanalala. Mtoto anaingia kanuna, anakaa kwenye kigoda katikati ya magoti yake, na upande mmoja wa kichwa haujaisha shingo imeshalegea na udenda unamchuruzika. Watu wazima nao walisinzia, ila wao walikana. Jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba hajawahi kumwuliza mteja kama anaumia. "Kuuliza wanauliza wanaojua wanaumiza," alikuwa akisema, huku akitupa jicho upande wa saluni ya jirani.

Mimi ni dada wa mumewe, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema, na ruhusa yenyewe naitumia. Kazi yangu pale saluni ni kuosha na kufumua. Yeye anajenga, mimi nabomoa. Msusi hukiona kichwa kikitoka kinang'aa, mteja anajigeuza kwenye kioo, watu wanasifia. Mfumuaji hukiona kile kile baada ya majuma kadhaa, nywele zimechoka, na ngozi inasema yote iliyofanyiwa. Ndiyo maana habari hii naisimulia mimi wala simwachii mwingine.

Pamba ana baridi yabisi. Ilimwanzia kwenye vidole, siyo magotini kama wengi wanavyodhani, ikapanda viganjani. Asubuhi mikono yake ilikuwa haifungiki. Alikuwa anatumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya moto, anaikunja taratibu, anaikunjua, anatukana kidogo, anaikunja tena, mpaka iweze kushika kikombe. Pete yake ya ndoa ilikwama kidole kilipovimba. Kaka yangu ni fundi kufuli. Ndiye aliyemvisha pete ile na ndiye aliyeikata kwa kimsumeno chake, amepiga magoti sakafuni, jasho linamtoka kuliko siku ya harusi. Pamba akamwambia, "Sasa umenifungulia, nikikimbia usilalamike." Hakukimbia. Alikwenda kazini siku hiyo hiyo.

Tukubaliane basi kwamba huyu si mwanamke wa kulialia. Alisuka na maradhi yake kwa miaka, kichwa kimoja asubuhi, kingine mchana, basi. Anayetaka zaidi alisubiri kesho. Na walisubiri.

Halafu vikaja vidonge. Kulikuwa na kipindi maumivu yalizidi hata kichana kikawa kinamponyoka, akaenda hospitali, akapewa kipakiti cha tramadoli za siku chache, wakamwambia arudi kwa vipimo vya damu. Kurudi hakurudi. Alikuwa amegundua kitu. Siku ya kwanza kumeza alikuja saluni akiimba. Alisuka vichwa vitatu, akafagia, akapanga chupa za mafuta kwa urefu wake, akaniuliza kwa nini mimi ni mzito hivyo.

"Wewe umekunywa nini?" nikamwuliza.

"Nimeweka betri, wifi," akasema. "Na wewe tafuta zako."

Jina likabaki. Asubuhi ikawa, "Ngoja niweke betri." Ikifika mchana mkono unaanza kuwa mzito, anaingia nyuma ya pazia la stoo, anatoka baada ya muda macho yamechangamka, anadai mteja. Kipakiti cha hospitali kilipokwisha, muuza dawa wa kona alikuwa na vingine, wala hakuuliza cheti. Na kwa kuwa maumivu hayakuwa tena ndiyo sababu, hata siku ambazo vidole vilikuwa na nafuu alimeza. Alimeza kwa ajili ya kufua. Alimeza kwa ajili ya kwenda sokoni. Mwishowe alimeza ili aweze kuamka, na betri moja ikawa haiwashi tena, zikawa zinahitajika mbili.

Sikatai, ilikuwa raha kumwona. Juma la kufunguliwa shule, ambalo kila mzazi mwenye binti hukumbuka siku ya mwisho kwamba kichwa cha mtoto kiko timtimu, Pamba alisuka tangu tunafungua mpaka tunafunga, hajaketi kula. Wateja walikaa hadi kwenye ndoo zilizofunikwa. Mimi nilichoka kwa kumtazama tu. Jioni nilimwona vifundo vya vidole, vimevimba na kuwa vyekundu, vimewaka kama taa, na yeye anacheka. Nikamwambia mikono yako inalia. Akaitazama kama mikono ya mtu mwingine, akasema, "Basi mbona mimi siisikii?"

Tatizo nilianza kuliona kwenye nyusi. Wateja walikuwa wanatoka saluni nyusi zimepanda juu, uso mzima umeshangaa, utadhani wameambiwa habari ya msiba mlangoni. Mama mmoja, mwalimu, alijitazama kwenye kioo akasema amekuwa kijana, mikunjo yote ya paji imepotea. Akacheka, tukacheka. Alirudi kwangu kufumuliwa hata wiki mbili hazijafika, wakati rasta za Pamba hukaa miezi. Kwenye paji palikuwa na vipele vyeupe vimejipanga kama mbegu za ufuta. Nilipofumua, nywele za mbele zilibaki mkononi mwangu, na kila mzizi una kijipira cheupe.

"Ilikuuma?" nilimwuliza.

"Nilidhani ni kichwa changu," akasema. "Umri. Maana Mkono wa Pamba haumizi."

Hilo ndilo lililonitisha. Alifuata mwingine, na mwingine tena, wote na vipele, wote na maelezo yao. Mmoja alisema amebadilisha sabuni. Mwingine alisema ni jua. Mwingine alikuwa amemeza dawa za kichwa juma zima na bado alimsifia Pamba kwa mistari iliyonyooka. Jina la wifi yangu lilikuwa kubwa kiasi kwamba watu waliliamini kuliko ngozi za vichwa vyao. Angekuwa msusi mwingine, wangemrudishia rasta zake usoni.

Nikamfuata nyuma ya pazia nikamwambia. Sikuzunguka mbuyu. "Wifi, unavuta. Wateja wanang'oka nywele."

"Nani kasema?"

"Vichwa vimesema. Mimi ndiye ninayevifumua."

"Basi unafumua vibaya," akasema, akameza betri yake bila maji mbele ya macho yangu, akatoka.

Tulinuniana siku nzima. Mawifi wakinuniana ndani ya chumba kimoja, hata mashine ya nywele inapunguza sauti. Jioni alinigawia nusu ya chungwa lake, nami nikalila, lakini neno hatukulirudia. Nikajiambia litarudi lenyewe, na lilirudi. Lilirudi na mjukuu.

Pamba ana mjukuu mmoja wa kike, mtoto wa binti yake. Tangu nywele zake zilipoweza kushikika hajawahi kusukwa na mtu mwingine, na hajawahi kumaliza kusukwa akiwa macho. Tulimwita Kilalio. Siku hiyo alikuja, akaketi kwenye kigoda chake, akaegemeza shavu kwenye goti la bibi yake kama kawaida. Mimi nilikuwa naosha kichwa cha mtu pale sinki, povu limenijaa viwikoni, sikuwa na nafasi ya kugeuka. Nilichokiona nilipogeuka ni mtoto yuko macho. Amekaa wima, ameshika kingo za kigoda kwa mikono yote miwili, ameng'ata mdomo. Hakulia hata kidogo. Pamba alikuwa anaimba. Alimaliza upesi kuliko siku zote, akamfuta uso kwa khanga, akampa peremende.

Siku ya pili yake binti wa Pamba aliingia saluni amemshika mtoto mkono. Mtoto amefungwa kitambaa. Binti huyo ni mpole, anafanya kazi ya kuchapa kwenye ofisi ya wakili na husema kwa sauti ya ofisini hata akiwa nyumbani. Siku hiyo hakuwa na sauti ya ofisini.

"Shangazi, shikamoo," aliniambia mimi, akampita mama yake. "Hebu nisaidie kumfungua. Mimi nimeshindwa kuangalia mara ya pili."

Nilifungua kitambaa. Mistari ilikuwa imefumuliwa nusu. Juu ya masikio na kwenye paji palikuwa na mabaka ya ngozi tupu, inang'aa, nyekundu, na vipele. Kope zake zilivimba.

"Hajalala," binti alisema. "Alikuwa hawezi hata kufumba macho. Nikamwuliza kwa nini hukusema inauma. Unajua kanijibu nini, mama? Kasema mkono wa bibi hauumizi, kwa hiyo alidhani anakosea yeye."

Pamba alikuwa amesimama na kichana mkononi. Alimwita mjukuu wake. Mtoto alikwenda nyuma ya mama yake. Hakufanya hivyo kwa chuki, ila kichwa chake kilijitoa chenyewe, kama unavyoutoa mkono motoni. Naweza kusahau mengi ya mwaka ule, lakini ile hatua moja ya mtoto kurudi nyuma sitaisahau, kwa sababu nilimwona wifi yangu akizeeka hapo hapo.

Binti alipoondoka na mtoto, nilifunga mlango, nikageuza kibao cha "Tumefunga", nikakivuta kigoda na kukikalia.

"Nisuke," nikamwambia.

"Wifi, niache."

"Sikuachi. Nisuke kama ulivyomsuka yeye. Mimi mdomo ninao."

Alikaa nyuma yangu. Alinitenga nywele kwa kichana, akaanza mstari. Mkono ulikuwa mwepesi kweli, una kasi, hautetemeki. Ulipofika juu ya sikio machozi yalinitoka yenyewe.

"Hapo," nikasema. "Unaning'oa."

"Sijavuta."

"Umevuta."

"Sijavuta, wallahi. Ningevuta vingeniambia."

"Nini vingekuambia?"

Niligeuka, mstari ukiwa umeshikwa bado. Alikuwa anatazama vidole vyake vilivyovimba, anavikunja na kuvikunjua, na kwa mara ya kwanza tangu betri zianze nilimwona anaogopa.

"Vidole," akasema. "Wewe unakumbuka nilivyokuwa nasuka zamani, nilipoolewa?"

Nilikumbuka. Alikuwa anavuta kama wenzake wote. Kaka yangu alikuwa akimtania kwamba mke wake anasuka kamba za kufungia mizigo.

"Ugonjwa uliponianza, nikivuta sana nilikuwa nauona moto unapanda mpaka kwenye kiwiko. Nikajifunza kuishia pale moto unapotaka kuwaka. Nikifika hapo, nalegeza, natia fundo, naendelea. Kumbe hapo ndipo kichwa cha mteja hakiumi. Watu wakasema mkono mwepesi. Wakanipa na jina. Mkono wangu haukuwa mwepesi, wifi. Ulikuwa mgonjwa, unajiogopa." Alitazama pazia la stoo. "Sasa huo moto siusikii. Sijui naishia wapi."

Akalia. Alilia vibaya, kwa kelele, nami nilimshika nikiwa na nusu ya mstari kichwani na nusu inaning'inia. Nilimwonea huruma na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja, na sioni aibu kulisema hilo.

Pamba hafanyi jambo nusu. Aliingia stoo, akatoka na vipakiti vyote, akavimwaga chooni, akavuta maji. "Yamekwisha," akasema. Nikampongeza. Wote wawili tulikuwa wajinga.

Siku iliyofuata alianza kupiga miayo. Kamasi zikamtiririka, jasho likamlowesha khanga, tumbo likamwendesha, miguu ikawa haitulii kitandani, inapiga teke yenyewe. Maumivu ya vidole yakarudi na marafiki. Alisema ni mafua makali. Kaka yangu akasema ni malaria. Nilipomkuta amekaa sakafuni, amekumbatia ndoo, ananiomba nikimbie kwa muuza dawa nimletee moja tu, moja tu ya kumsimamisha, nilijua si mafua wala si malaria. Nikamvalisha viatu.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti wa Pamba, mtulivu, ana kalamu nyuma ya sikio. Alimwuliza, "Mama, unatumia dawa gani?"

"Za maumivu tu, mwanangu."

"Betri," mimi nikasema.

Pamba alinikanyaga mguu. Nami nikaeleza kila kitu na mguu wangu ukiwa umekanyagwa. Nikaeleza na la usiku, ambalo kaka yangu alikuwa ameninong'oneza: kwamba betri zilikuwa zinamnyima usingizi, kwa hiyo akawa anaazima vidonge vya usingizi kwa jirani.

Hapo daktari akaweka kalamu mezani. "Tramadoli na dawa ya usingizi kwa pamoja zinaweza kumzima mtu pumzi amelala, mama. Mumeo angeamka akukute baridi." Kaka yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alitafuta kiti. Daktari akamwambia pia kwamba ukizidisha hizo dawa zinaweza kuleta degedege kwa mtu mzima, na kwamba kuziacha ghafla baada ya kuzizoea ndiko kulikomwangusha. Mwili umezitegemea, sasa unazidai.

"Lakini zilikuwa zinanipa nguvu," Pamba akasema, kwa sauti ya mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Nilikuwa nafanya kazi ya watu wawili."

"Hazikukupa nguvu. Zilikuzuia kusikia kwamba nguvu zimekwisha. Ugonjwa hazikuugusa hata kidogo. Ulikuwa unaendelea kula viungo, na wewe unavifanyisha kazi mara mbili." Alimshika mkono, akambonyeza vifundo kimoja kimoja, taratibu. "Hivi tunaweza kuviokoa vingi. Ila kwanza unisikilize."

Akamsikiliza. Wifi yangu akishaamua, ameamua. Damu ilipimwa, mikono ikapigwa picha. Akaandikiwa dawa ya kutuliza baridi yabisi yenyewe, ile inayomezwa mara moja kwa wiki na kuhitaji vipimo vya mara kwa mara, na ambayo haionyeshi faida mpaka majuma yapite. Tramadoli akarudishiwa, tena kwa cheti, kidogo kuliko alivyozoea, ikipunguzwa hatua kwa hatua chini ya macho ya daktari mpaka iishe. Vidonge vya usingizi marufuku. Daktari aliuliza nyumbani nani atashika pakiti. Kaka yangu akasimama, akasema yeye ni fundi kufuli.

Alitengeneza kisanduku cha bati chenye kufuli ambayo hata mimi nilijaribu kuifungua nikashindwa. Asubuhi alimpa kipimo chake na glasi ya maji, akafunga, akaenda na ufunguo kazini. Pamba alimwita askari jela. Kuna siku alimwita mengine ambayo siyaandiki. Kuna siku alimbembeleza kwa sauti ambayo kaka yangu anasema hajaisikia tangu uchumba, naye akaninong'oneza kwamba ilibidi atoke nje akasimame uani. Lakini kufuli haikufunguka, na yeye Pamba mwenyewe, akili ikimtulia, alikuwa wa kwanza kuuliza kama imefungwa.

Mimi kwa upande wangu nilimtembelea muuza dawa wa kona. Nilimkuta duka limejaa watu. Nilimwambia kwa sauti ya kutosha kwamba nimekuja kununua betri, anipe zile anazowauzia wagonjwa bila cheti. Alisema dada, punguza sauti. Nikaipandisha. Tangu siku ile akiniona napita huingia kuhesabu maboksi ndani.

Saluni haikufungwa. Pamba alikaa kwenye kiti cha wateja akawaita mmoja mmoja wale aliowavuta. Hakuwaambia alikuwa anaumwa, wala hakuwaambia ni shetani. Aliwaambia, "Ile haikuwa ngozi yako wala umri wako. Nilikuwa nakuvuta mimi, kwa sababu nilikuwa nameza dawa isiyonihusu." Mwalimu yule wa nyusi alishusha pumzi, akasema, "Afadhali. Nilishaanza kununua wigi." Wachache walihama. Wengi walibaki kungoja, na wanne au watano walianza kuulizana wao kwa wao kuhusu vidonge vilivyokuwa kwenye mikoba yao. Mmoja alikuwa mpishi wa hoteli, magoti yake mabovu, na betri zake alikuwa anaziita vitamini. Nilimpa jina la daktari kabla sijamaliza kumfumua.

Dawa ya wiki ilianza kufanya kazi polepole. Uvimbe ukashuka. Beseni la maji ya moto likawa la dakika chache, halafu la siku za baridi tu. Kaka yangu akachukua vipande vya pete na kuviunga, akaongeza nafasi kidogo, ikaingia. Sasa hapo ndipo tatizo lilipobaki, na Pamba aliliona kabla yangu. Vidole vilikuwa na nafuu. Ule moto aliokuwa akipimia haukuwaka tena, safari hii kwa sababu nzuri, lakini haukuwaka. Alikuwa na mikono mizima na hakujua mkono mwepesi unaishia wapi.

"Utajifunza upya," nikamwambia.

"Kwa kichwa cha nani?"

Nikavuta kigoda. Alijifunza kwangu, jioni baada ya jioni, nami kwa mdomo wangu nilimfundisha bila huruma. Alijifunza kutazama ngozi ya paji, inavyosimama kidogo kabla haijaumia. Alijifunza kutazama bega la mteja. Na alijifunza lile neno alilokuwa akiwacheka nalo majirani. Mwanzoni alikohoa, akatazama dari, akalitema: "Inauma?" Nilicheka mpaka mstari ukafumuka.

Mjukuu hakuja. Nywele zilikuwa zinaota tena, mama yake alimkata zote zikawa fupi sawasawa, na mtoto akasema anazipenda hivyo. Pamba hakumlazimisha. Kigoda chake alikiweka kando, hakuna mtoto mwingine aliyekikalia. Alikuwa anasuka watoto wa watu, nao wakaanza kusinzia tena mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliposinzia mimi nilimwona anatazama kile kigoda. Jina lilikuwa limerudi. Yeye alikuwa anamtaka mmoja tu.

Akaja mwenyewe, nywele zimeshafika mahali pa kushikika. Aliingia mbele ya mama yake, akasimama mbali na bibi yake umbali wa mkono, akasema ana sharti.

"Sema, mama yangu," Pamba akasema.

"Nishike mimi kichana. Ukiniumiza nakugonga gotini."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Haya. Chukua kile cha mbao, ndicho kinachouma."

Mtoto akachukua kichana cha mbao, akakaa kwenye kigoda chake, wima, mkono juu tayari. Mama yake alisimama mlangoni na mkoba wake wa ofisini begani, hakukaa. Mimi nilifunga bomba la maji. Pamba alipaka mafuta vidoleni, akamtenga nywele, akaanza mstari wa kwanza. Haukufika sikioni, kichana kikashuka gotini, pa!

"Pole," Pamba akasema, akaufumua wote, akauanza upya. "Hapa je? Inauma?"

"Hapana."

Mstari wa pili. "Inauma?"

"Hapana. Kidogo. Hapana."

Alilegeza. Aliuliza kila mstari, yeye ambaye zamani hakuwahi kumwuliza mtu, aliuliza kwa sauti ya chini mpaka ikawa kama wimbo wa kumlaza mtoto. Majibu yalikuja mafupi, kisha ukaja mguno tu. Shavu likatafuta goti, likaliona. Pamba alifika juu ya sikio, pale pale palipokuwa na baka, akapunguza mkono zaidi, akainama.

"Inauma?"

Kichana cha mbao kikaanguka sakafuni. Binti alitaka kukiokota, nikamzuia. Pamba hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kutembea, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye khanga, mbali na kichwa cha mtoto.

"Inauma?" akauliza tena, na hakuna aliyemjibu.